Ugonjwa wa madoa meupe

Ugonjwa wa madoa meupe ni ugonjwa wa ngozi na matamvua ya samaki wa maji matamu unaosababishwa na kimelea chenye seli moja kiitwacho kisayansi Ichthyophthirius multifiliis. Ni miongoni mwa magonjwa yanayojulikana zaidi kwa wafugaji wa samaki wa mapambo duniani kote, na huwashambulia pia samaki wa kuliwa wanaofugwa mabwawani, wakiwemo perege na kambare. Samaki mwenye ugonjwa huu huonekana kana kwamba amenyunyiziwa chembe za chumvi. Asipotibiwa mara nyingi hufa, na wenzake walio katika tangi hilohilo hufuata.

Makala hii inahusu hasa tiba ya ugonjwa huu katika akwaria iliyopandwa mimea, yaani tangi la kioo la kufugia samaki ambamo mimea hai imeota kwenye changarawe au imeshikamana na mawe na vipande vya miti. Katika tangi la namna hiyo kazi ni ngumu kuliko katika tangi tupu, kwa sababu dawa nyingi zinazoua kimelea hudhuru pia mimea, konokono, uduvi na bakteria wanaosafisha maji.

Neno "maji matamu" linatumika hapa kwa maana ya maji yasiyo ya chumvi, kama ya mito na maziwa mengi. Vitabu vingine huyaita "maji baridi", lakini katika mada hii, ambapo joto la maji ni jambo la msingi, jina hilo lingeweza kumchanganya msomaji.

Jina na uainishaji

Kimelea hiki kilielezwa kisayansi na Mfaransa Fouquet mwaka 1876. Jina lake limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "samaki" na "chawa", na ya Kilatini yenye maana ya "wana wengi". Kwa hiyo ni "chawa wa samaki mwenye wana wengi". Sehemu ya kwanza ya jina inapotosha, maana huyu si chawa wala mdudu wa aina yoyote. Ni protozoa wa kundi la siliata, ambao mwili wao umefunikwa na vinyweleo vifupi vinavyopiga maji kama makasia. Mwanafunzi wa biolojia aliyewahi kuchora Paramesiamu amemchora jamaa yake. Sehemu ya pili ya jina, ile ya wana wengi, ni sahihi kabisa, na ndiyo siri ya hatari yake.

Chini ya hadubini kimelea kilichokomaa hutambulika kwa urahisi: ni duara, kinajizungusha polepole, na ndani yake kuna kiini kikubwa chenye umbo la kwato ya farasi. Mwaka 2011 watafiti walichapisha mfuatano wa jenomu yake. Hata hivyo bado hutunzwa maabara kwa kuhamishwa kutoka samaki hadi samaki, kwa sababu hakiwezi kukamilisha maisha yake bila samaki.

Kuna magonjwa mengine mawili yenye jina linalofanana ambayo hayahusiani na huu. Samaki wa baharini hupata madoa meupe kutokana na siliata mwingine, Cryptocaryon irritans. Kamba wanaofugwa nao wana ugonjwa wao wa madoa meupe unaoletwa na virusi. Tiba inayoelezwa hapa haihusu magonjwa hayo.

Mzunguko wa maisha

Bila kuelewa mzunguko huu haiwezekani kuelewa tiba, kwa hiyo inafaa kuufuata hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni ya kula. Kimelea hukaa ndani ya ngozi ya samaki, chini ya tabaka la juu, na kujilisha kwa seli na majimaji ya mwenyeji wake. Doa jeupe linaloonekana kwa macho ni kimelea kilichokua, pamoja na ngozi iliyovimba kukizunguka. Kinaweza kufikia kipenyo cha milimita 1. Kikiwa hapo kimefunikwa na ngozi ya samaki mwenyewe, na dawa iliyotiwa majini haikifikii.

Kikishakomaa hutoboa ngozi, hutoka na kuanguka. Huogelea kwa muda mfupi, kisha hujishikiza mahali: kwenye changarawe, kioo, jiwe, sponji ya kichujio au jani la mmea. Hapo hujifunika kwa utando wenye ute na kuanza kugawanyika. Seli moja huwa 2, mbili huwa 4, nne huwa 8. Mgawanyiko ukirudiwa mara 10 hesabu hufika 1,024, na kwa kweli kimelea kimoja kinaweza kutoa watoto wapatao elfu moja. Katika maji yenye joto kazi hii huchukua takriban siku moja.

Kisha utando hupasuka na watoto hutoka. Kila mmoja ana urefu wa sehemu 30 hadi 50 za elfu moja za milimita, hivyo jicho haliwezi kumwona. Huogelea kwa kasi akitafuta samaki. Akimpata hupenya ngozi au matamvua kwa dakika chache na mzunguko huanza upya. Asipompata hufa, katika maji ya joto huwa hapiti saa 48 hivi. Huu ndio wakati pekee ambao kimelea kiko uchi, hakina ngozi ya samaki wala utando wa kukikinga. Dawa zote zinazotumika majini, pamoja na chumvi, zinalenga hatua hii.

Joto la maji huamua kasi ya mzunguko mzima. Katika sentigredi 24 hadi 26 unakamilika kwa siku 3 hadi 6. Katika sentigredi 15 huchukua takriban siku 10, na katika sentigredi 10 unaweza kuchukua mwezi au zaidi. Upande wa juu, maji yakifika sentigredi 30 kimelea kwa kawaida hushindwa kuzaliana.

Kutokana na hayo yote linafuata jambo ambalo wafugaji wengi hulikosa. Madoa yakitoweka kwenye mwili wa samaki siku ya tatu au ya nne, huenda hakuna kilichopona. Vimelea vimekomaa na kushuka chini kuzaliana. Samaki anaonekana safi, mwenye tangi anafurahi na kuacha dawa, na baada ya siku chache samaki hurudi na madoa mara kumi ya yale ya mwanzo. Tiba huhesabiwa kwa siku na kwa joto la maji. Haihesabiwi kwa madoa.

Dalili

Dalili ya kwanza mara nyingi si doa. Samaki hujikuna kwa kujisugua ghafla kwenye mawe, majani au changarawe, hukunja mapezi, hujificha na kula kidogo. Madoa huonekana kwanza kwenye mapezi na mkia, ambako ngozi ni nyembamba na huangaza. Vimelea vikiwa vingi kwenye matamvua samaki huhema haraka na kukaa karibu na uso wa maji au mbele ya mkondo wa kichujio. Wengine hufa kwa matamvua kuharibika kabla doa hata moja halijaonekana mwilini, kwa hiyo pumzi za haraka zichukuliwe kwa uzito.

Si kila doa jeupe ni ugonjwa huu. Dume la samaki wa dhahabu likiwa tayari kuzaa huota vipele vyeupe vilivyopangika kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa mapezi ya kifuani. Hiyo ni alama ya ujana, wala haihitaji dawa. Vumbi laini la rangi ya dhahabu, linaloonekana vizuri kwa kumulika samaki ubavuni kwa tochi, ni dalili ya kimelea kingine cha jenasi ya Piscinoodinium. Uvimbe mkubwa unaofanana na koliflawa unaweza kuwa wa virusi. Penye shaka, chembe ya ute iliyokwanguliwa kwa uangalifu kwenye ngozi na kuwekwa chini ya hadubini ya shule inatosha kumaliza ubishi, kwani kile kiini cha kwato ya farasi hakina mfano.

Ugonjwa hauwapati binadamu. Hakuna ubaya kuingiza mkono majini, ila kwa afya ya jumla mtu mwenye kidonda avae glavu.

Unavyoingia katika akwaria

Katika tangi lililofungwa kimelea hakizuki chenyewe. Huletwa na samaki mpya, na maji ya mfuko aliosafirishiwa, na wavu uliotumika kwingine ukiwa bado na unyevu, au na mmea uliotoka katika tangi lenye samaki. Mmea wenyewe hauugui. Jani huwa ni mahali pa kushikamana kwa ule utando wenye watoto.

Wafugaji wengi huamini kwamba kimelea hulala majini kwa miezi kikisubiri samaki adhoofike. Hatua ya namna hiyo ya kulala kwa muda mrefu haijulikani katika maji ya joto. Kinachotokea ni kwamba samaki waliowahi kuugua na kupona hupata kinga ya kiasi, na wachache wao hubaki na vimelea viwili vitatu kwenye matamvua, mahali pasipoonekana. Baridi ya ghafla, safari, msongamano au maji machafu yakiwapunguzia kinga, idadi hupanda. Ndiyo maana ugonjwa huonekana kama umetoka hewani baada ya usiku wa baridi au umeme kukatika na hita kuzima. Katika miji ya miinuko kama Nairobi, Arusha na Mbeya, ambako maji ya tangi hupoa sana usiku, hita yenye kidhibiti joto ni kinga yenye thamani kuliko chupa ya dawa.

Ugumu wa tangi lenye mimea

Akwaria iliyopandwa ni jamii ya viumbe. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe. Bakteria wanaoishi kwenye kichujio na changarawe huigeuza kuwa nitriti na hatimaye nitrati, na mimea hufyonza sehemu ya amonia na nitrati kama mbolea. Konokono hula majani yaliyooza. Dawa inayomwagwa humo haichagui adui.

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, huua kimelea vizuri, lakini huua konokono na uduvi kwa kipimo kidogo sana na hudhuru mimea mingi. Katika maji laini huweza kuwaua hata samaki, kwa sababu tofauti kati ya kipimo cha tiba na kipimo cha kifo huwa finyu. Tena shaba hunaswa na changarawe na kubaki humo. Kwa tangi lenye mimea ni dawa ya kuepukwa kabisa. Bluu ya methilini huvuruga bakteria wa kichujio, hudhuru mimea na kutia rangi kila kitu, hata silikoni ya kuungia vioo. Permanganeti ya potasiamu huchoma majani laini.

Formalini na malakaiti ya kijani, zikiwa pamoja au mbalimbali, ndizo zilizomo katika dawa nyingi za dukani za madoa meupe. Mimea yenye majani magumu huweza kuzivumilia, ile laini huungua, na samaki wasio na magamba huzihimili kwa shida. Formalini ina tatizo jingine: kila miligramu 5 zake katika lita moja ya maji huondoa takriban miligramu 1 ya oksijeni. Katika tangi lenye samaki ambao matamvua yao tayari yamejeruhiwa, hasara hiyo ni kubwa. Malakaiti ya kijani inashukiwa kusababisha saratani, na imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa katika Marekani na Umoja wa Ulaya. Anayeitumia kwa samaki wa mapambo avae glavu. Samaki wa bwawani wanaokusudiwa kuliwa wasitibiwe kwayo kamwe, hata kama muuzaji anasema haina neno.

Kuwahamisha samaki, kuiacha mimea

Njia salama zaidi kwa tangi lenye mimea inatokana moja kwa moja na mzunguko wa maisha. Kimelea hakiwezi kuishi bila samaki, na mmea si chakula chake. Basi samaki wote waondolewe na kutibiwa kwingine, na tangi liachwe na mimea, konokono na kichujio kinachofanya kazi. Watoto wa kimelea watatoka kwenye utando, watatafuta samaki, watamkosa na kufa. Hakuna dawa inayoingia katika tangi kuu.

Katika sentigredi 25 hadi 28 hesabu kavu ya hatua zilizo nje ya samaki haizidi siku chache, lakini huachwa wiki mbili ili kujiwekea usalama. Hita iendelee kuwaka. Tangi likiachwa lipoe hadi sentigredi 18 kwa kubana matumizi ya umeme, mzunguko hurefuka na wiki mbili huenda zisitoshe. Kwa kuwa hakuna samaki wa kutoa amonia, chakula kidogo kitupwe mara chache ili bakteria wa kichujio wasife njaa.

Sharti ni kwamba samaki wote watoke, pamoja na wale wasio na doa na vifaranga waliojificha kwenye majani. Mmoja akibaki, yeye peke yake anatosha kuuendeleza mzunguko. Kuwakamata samaki katika tangi lenye mimea mingi kunachosha, na kuwafukuza mchana kwa wavu hung'oa mimea na kuwachosha zaidi wagonjwa. Ni rahisi kupunguza maji hadi theluthi moja kwanza, au kusubiri usiku baada ya taa kuzimwa kwa saa kadhaa, kwani samaki wengi wa mchana huzubaa wanapomulikwa kwa tochi.

Chombo cha wagonjwa hakihitaji kuwa kizuri. Beseni au ndoo safi ya plastiki ya lita 30 au zaidi isiyowahi kuwekewa sabuni, hita, pampu ya hewa na kichujio cha sponji vinatosha. Chini pasiwe na changarawe, ili vimelea vilivyoanguka viweze kufyonzwa kila siku kwa mpira. Kipande cha sponji kutoka kichujio cha zamani huleta bakteria wanaohitajika. Kikishakwenda kwa wagonjwa kisirudi katika tangi kuu. Robo hadi nusu ya maji ibadilishwe kila siku au kila baada ya siku moja, kwa maji ya joto lilelile yaliyoondolewa klorini, na kipimo cha chumvi au dawa kirudishiwe kwa maji mapya tu.

Chumvi ya gramu 2 hadi 3 kwa lita huvumiliwa na samaki wengi wa maji matamu kwa muda wa tiba, na huwadhuru watoto wa kimelea wanaoogelea. Chumvi ya kawaida ya jikoni hufaa. Madini ya joto yaliyomo ni kidogo mno kumdhuru samaki. Iyeyushwe kwanza katika jagi na kumiminwa kidogo kidogo kwa muda wa siku moja. Chumvi haitoki kwa mvuke. Maji yakipungua kwa kukauka, huongezwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo kipimo kitapanda kila siku bila mwenye tangi kujua.

Kupandisha joto katika tangi lenyewe

Mahali ambapo haiwezekani kuwahamisha samaki, njia inayofuata kwa usalama wa mimea ni joto. Maji hupandishwa polepole, si zaidi ya sentigredi 1 kwa saa, hadi kufikia 30, na kubakizwa hapo kwa siku 10 hadi 14. Joto hufanya kazi mbili. Kwanza huharakisha vimelea vilivyo ndani ya ngozi ili vitoke mapema. Kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo madoa yanaweza kuongezeka, na hilo si dalili ya kushindwa. Pili huvizuia kuzaliana vikishatoka. Kipimajoto kiwe kwenye kona iliyo mbali na hita, maana karibu na hita maji huwa na joto kuliko kwingine. Tangi lenye sehemu inayobaki kwenye sentigredi 27 halijatibiwa. Limeharakishiwa ugonjwa tu.

Njia hii haifai kwa kila samaki. Diskasi na sikilidi wengi wa maji ya joto hulimudu. Samaki wa dhahabu na wengine wa maji ya ubaridi hawalimudu, wala uduvi wengi wadogo wa akwaria. Kwa upande wa mimea, Anubias ya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, Vallisneria, ambayo huota pia katika Ziwa Tanganyika, na Echinodorus za Amerika kwa kawaida hupita wiki mbili bila shida kubwa. Cryptocoryne zinaweza kupukutisha majani na kuchipua tena kutoka mizizini. Mimea laini kama Vesicularia, ambayo huvikwa kwenye mawe kama zulia, huteseka zaidi. Inaweza kutolewa na kukaa katika ndoo isiyo na samaki.

Hatari kubwa ya njia hii ni upungufu wa oksijeni. Maji safi ya sentigredi 25 yanaweza kubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, na ya sentigredi 30 takriban 7.6. Wakati huohuo joto huongeza mahitaji ya samaki, na matamvua yao yana majeraha. Katika tangi lenye mimea kuna jambo la ziada. Mchana mimea hutoa oksijeni, lakini usiku taa zikizimwa huitumia kama viumbe wengine, na kiwango huwa cha chini kabisa alfajiri. Anayekagua tangi lake mchana tu huliona zuri, kisha asubuhi akakuta vifo. Kwa hiyo pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana, na wanaoingiza gesi ya kaboni dioksidi kwa ajili ya mimea waisimamishe hadi tiba iishe.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa hewa. Kupoa kwa maji huchukua saa nyingi, na hita ikirudi joto hupandishwa tena na siku huhesabiwa upya. Lakini samaki kwenye maji ya sentigredi 30 bila mkondo wanaweza kuanza kutweta mapema sana. Pampu ndogo ya betri ni nafuu. Isipokuwepo, kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara huingiza hewa.

Joto likishindwa, au samaki wakiwa wamezidiwa, chumvi ya gramu 1 hadi 2 kwa lita inaweza kuongezwa, kwa kujua kwamba baadhi ya mimea itanyauka. Vallisneria na Anubias ni miongoni mwa zinazovumilia. Cabomba na nyingine za majani membamba ni dhaifu. Kipimo lazima kihesabiwe kwa maji halisi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 lina ujazo wa lita 64.8 kwa hesabu ya darasani. Ukitoa changarawe, mawe na nafasi iliyo wazi juu, maji yanaweza kuwa lita 50 tu. Kwa gramu 2 kwa lita hiyo ni gramu 100 badala ya 130, na tofauti kama hiyo katika dawa kali ndiyo inayoua.

Katika njia yoyote kati ya hizi, kufyonza uchafu kwenye sehemu za wazi za changarawe kila siku hupunguza sana idadi ya vimelea, kwa kuwa vingi huanguka chini. Mizizi isichokonolewe. Mkaa amilifu uondolewe kwenye kichujio kabla ya kutumia dawa, kwa sababu huifyonza. Urudishwe baada ya tiba ili kusafisha mabaki. Taa ya miali ya urujuanimno iliyofungwa kwenye bomba la kichujio huwaua watoto wa kimelea wanaopita mbele yake, lakini peke yake haiponyi, maana wengi humfikia samaki bila kupita humo.

Dawa ikilazimika kutumika

Pale ambapo dawa ya dukani haiepukiki, itumike katika chombo cha wagonjwa. Maelezo ya mtengenezaji yafuatwe, na dawa zisichanganywe. Kwa kuwa huua hatua moja tu ya maisha, dozi moja haitoshi hata ikiwa kubwa; kuizidisha huua samaki na kukiacha kimelea ndani ya ngozi. Katika maji ya sentigredi 20 hadi 26 desturi ni kurudia kila baada ya siku moja, mara 3 hadi 5, na kubadilisha maji kati ya dozi. Katika maji ya ubaridi nafasi kati ya dozi na muda wote wa tiba hurefushwa. Kambare wadogo wa akwaria, kama Corydoras, na samaki wengine wenye magamba madogo au wasio nayo hudhurika upesi, na kwao chupa nyingi huelekeza nusu ya kipimo.

Mimea mipya na samaki wapya

Samaki mpya akae peke yake kwa wiki tatu au nne katika maji ya sentigredi 25 au zaidi kabla ya kuungana na wengine. Maji ya mfuko yasimiminwe katika tangi. Mmea mpya ukae wiki mbili katika chombo cha maji ya joto kisicho na samaki, chenye mwanga, na kwa njia hiyo huhitaji dawa yoyote. Duka likiwa linauza mimea iliyooteshwa nje ya maji, katika vyungu vya kitalu kisicho na samaki, hatari hii haipo. Nyavu na mipira ya kufyonzea ikaushwe kabisa juani baada ya kutumika, kwani kimelea hiki hakihimili ukavu.